Mwenye Pango na Mjuzi wa Pango: Historia ya Matembezi ya Mapangoni katika Jimbo la Kentucky, Marekani

1. Utangulizi

Neno "pango" katika Kiswahili lina maana mbili zisizo na undugu. Maana ya kwanza ni uwazi mkubwa ulio ndani ya mlima au chini ya ardhi. Ya pili ni fedha anazolipa mpangaji kwa mwenye nyumba. Watunga kamusi huyaweka maneno haya katika vitomeo viwili, nao wana haki, kwa kuwa la pili limetokana na kitenzi "kupanga", hali la kwanza halihusiani na kitenzi hicho. Hata hivyo, iko nchi moja ambako historia iliyakutanisha mambo hayo mawili kwa namna ya kusikitisha. Katikati ya jimbo la Kentucky, nchini Marekani, binadamu walipangishwa kwa dola 100 kwa mwaka ili waonyeshe pango. Na pango hilo lilipouzwa, mtu aliyelijua kuliko wote aliuzwa pamoja nalo.

Pango lenyewe ni Mammoth Cave. Hakuna pango jingine duniani lenye njia ndefu zaidi zilizokwisha kupimwa: zaidi ya kilometa 670. Wageni walianza kulitembelea kwa malipo mwaka 1816, na tangu hapo matembezi hayo hayajakoma. Katika muda wa zaidi ya miaka 200 swali moja limerudi tena na tena, mara katika soko, mara mahakamani, mara katika bunge: mwenye pango ni nani? Je, ni yule mwenye hati ya ardhi iliyo juu yake? Ni mwenye mlango? Au ni yule aliyeingia gizani kwa miguu yake, akatoka na habari za njia? Insha hii yafuata swali hilo hatua kwa hatua. Mwishoni itaonyeshwa kwa nini swali la Kentucky linawahusu pia wasomaji wa Kongo.

2. Nchi ya mapango na wafanyakazi wake wa kwanza

Ardhi ya Kentucky ya kati ni ya mawe ya chokaa. Maji ya mvua, yakipita katika nyufa za mawe hayo kwa maelfu ya karne, huyayeyusha polepole na kuacha nafasi tupu. Mahali pa Mammoth Cave, mawe ya chokaa yamefunikwa na tabaka la jiwe mchanga ambalo ni gumu, lisilopitisha maji kwa urahisi. Tabaka hilo limekuwa kama paa la nyumba: limeyalinda mapango ya juu yasiporomoke, huku mito ya chini ikiendelea kuchimba hadi kuufikia mto Green. Kwa hiyo pango lina madaraja, kama jengo la ghorofa: ghorofa za juu ni kavu, na za chini zingali na mito.

Wenyeji wa kale wa Marekani waliliingia pango hilo maelfu ya miaka kabla ya Wazungu. Walitembea kilometa kadhaa ndani yake wakimulikwa na vienge vya matete, wakikwangua madini ya aina ya chumvi kwenye kuta. Mabaki ya vienge vyao yamekutwa humo, pamoja na viatu vyao vya kusukwa na miili ya baadhi yao.

Wazungu walipofika, hawakutafuta maajabu ya kutazama. Walitafuta shura, yaani chumvi itumikayo kutengenezea baruti. Wakati wa vita vya Marekani na Uingereza, vilivyoanza mwaka 1812 na kumalizika mwaka 1815, baruti ilikuwa adimu na bei yake ilipanda mno. Watumwa wapatao 70 waliwekwa pangoni kuchimba udongo, kuuchuja kwa maji katika mapipa makubwa ya mbao, na kuyapitisha maji hayo katika mabomba ya magogo yaliyotobolewa. Vita vilipokwisha, bei ya shura ilianguka na kazi ikasimama. Mapipa na mabomba hayo yangaliko, na kila mgeni aingiaye kwa mlango wa asili hupita kando yake. Yafaa kukumbuka, basi, kwamba kitu cha kwanza aonacho mgeni katika pango hilo ni kazi ya mikono ya watumwa.

3. Stephen Bishop

Mwaka 1838 mwanasheria mmoja wa mji jirani wa Glasgow, Franklin Gorin, alilinunua pango kwa dola 5,000. Alimpeleka huko mtumwa wake, kijana wa miaka 17 hivi aliyeitwa Stephen Bishop, ajifunze njia kutoka kwa waongozaji waliotangulia na kisha awatembeze wageni. Kazi iliyotazamiwa ilikuwa ndogo: kubeba taa na kikapu cha chakula, kuonyesha njia zilizokwisha kujulikana, kisha kuwarudisha watu salama mlangoni.

Stephen hakukomea hapo. Njia ya zamani ilikuwa ikiishia kwenye shimo refu ambalo watu waliamini halina mwisho, na hakuna aliyethubutu kulivuka. Mwaka huohuo wa 1838, akiwa na mgeni mmoja, aliweka ngazi juu ya shimo hilo, wakatambaa hadi ng'ambo. Huko waliona njia ambazo hazikuwa na alama ya mguu wa mtu wa wakati wao. Katika miezi iliyofuata Stephen aliifikia mito ya chini, mmoja ukaitwa Styx, kwa jina la mto wa wafu katika hadithi za Wayunani, na mwingine ukaitwa Mto wa Mwangwi. Katika mito hiyo walionekana samaki weupe wasio na macho, na habari zao ziliwafikia wataalamu wa viumbe katika Marekani na Ulaya. Kwa muda mfupi tu, sehemu ya pango iliyojulikana iliongezeka maradufu.

Ugunduzi huo ulipandisha bei. Mwaka 1839 Gorin aliliuza pango kwa daktari wa mji wa Louisville, John Croghan, kwa dola 10,000, yaani mara mbili ya alizolipa. Stephen aliingia katika mauzo hayo. Kwa maneno mengine, kijana huyo aliiongeza thamani ya mali kwa juhudi yake mwenyewe, na faida ya juhudi hiyo ikamwendea aliyemwuza.

Katika mwaka 1842 Croghan alimchukua Stephen hadi nyumbani kwa jamaa yake, Locust Grove, karibu na Louisville, akachore ramani ya pango. Aliichora kwa kumbukumbu tu, bila vipimo vya mhandisi. Ramani hiyo ilipigwa chapa mwaka 1844, nayo ikaambatanishwa na kitabu cha wageni kilichotoka mwaka 1845. Jina la Stephen Bishop liliandikwa juu yake kuwa ndiye aliyeichora. Kwa mtumwa kutajwa hivyo katika maandishi yaliyochapwa ni jambo adimu mno katika Marekani ya wakati ule, na ramani yenyewe iliendelea kutumika kwa miongo kadhaa.

Namna alivyojifunza kusoma nayo ina funzo. Ilikuwa desturi wageni kutaka majina yao yaandikwe kwenye dari la pango kwa moshi wa mshumaa. Wengi hawakuweza kufika juu, hivyo mwongozaji aliandika kwa niaba yao na kupewa bakshishi. Kwa kuandika majina ya mabwana, Stephen alizijua herufi. Na baada ya kuzijua, aliandika na jina lake mwenyewe. Wageni waliokutana naye waliripoti kwamba alizungumza vizuri juu ya mawe na jinsi yanavyofanyika, na kwamba alikuwa amejifunza maneno ya Kilatini na ya Kiyunani kutoka kwa wasomi aliowatembeza.

Miongoni mwa wageni wa miaka hiyo alikuwa mwandishi Ralph Waldo Emerson, aliyefika mwaka 1850. Katika ukumbi uitwao Chumba cha Nyota, waongozaji huwakalisha wageni, huziondoa taa, na kwa kuuficha mwanga nyuma ya mwamba hulifanya dari jeusi lenye vipande vyeupe lionekane kama anga la usiku. Emerson alivutiwa sana na kiinimacho hicho, hata akaanza nacho insha yake juu ya mambo yanayoonekana kuwa sivyo yalivyo, iliyochapwa mwaka 1860.

Kiinimacho kingine hakikuandikwa sana. Huko chini mpangilio wa jamii ulipinduka kwa saa kadhaa. Juu ya ardhi, mtumwa alikuwa akiamrishwa. Ndani ya pango, yeye ndiye aliyeamrisha. Akisema "inameni", majaji na wafanyabiashara waliinama. Akisema "simameni hapa", walisimama, maana taa ilikuwa mkononi mwake. Wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika Mammoth Cave aliyepona kwa ujio wa mgeni hakuwa yule aliyempokea na kumtembeza. Kiingilio kilikwenda kwa bwana, na mwongozaji akabaki na sarafu chache za hisani.

4. Wasia, uhuru na kaburi

Croghan, kwa kuwa alikuwa daktari, aliamini kwamba hewa ya pango, isiyobadilika joto lake mwaka mzima, ingeweza kuponya kifua kikuu. Kuanzia mwaka 1842 alijenga vibanda vya mbao na vya mawe ndani ya pango na kuwaweka wagonjwa humo. Watumwa waliwapelekea chakula na kuni. Moshi wa mioto na wa taa ulizidisha maradhi, wagonjwa kadhaa walifia humo, na mwaka 1843 jaribio likaachwa. Vibanda viwili vya mawe vingali vimesimama. Croghan mwenyewe aliaga dunia mwaka 1849 kwa ugonjwa huohuo.

Wasia wake ulilifanya pango kuwa mali ya watoto wa ndugu zake, chini ya wadhamini. Kuhusu watumwa wake, uliagiza kwamba wapewe uhuru miaka saba baada ya kifo chake. Hivyo Stephen Bishop akawa mtu huru mwaka 1856. Mgeni mmoja aliyefika mwaka 1855 aliandika kwamba Stephen alitamani kwenda Liberia pamoja na mke wake, Charlotte, na mtoto wao. Hakwenda. Aliaga dunia mwaka 1857, mwaka mmoja tu baada ya kupata uhuru, akiwa na umri wa miaka 36 hivi, na sababu ya kifo chake haikuandikwa.

Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe. Mwaka 1881 mgeni tajiri wa Pittsburgh, James Mellon, alileta jiwe lililokuwa limechongwa kwa ajili ya askari mmoja wa vita vya wenyewe kwa wenyewe na ambalo halikuchukuliwa. Jina la awali lilifutwa, na badala yake likachongwa la Stephen, pamoja na maneno yanayomtaja kuwa mwongozaji na mgunduzi wa kwanza wa pango. Mwaka wa kifo ulioandikwa ni 1859. Ni kosa la miaka miwili.

5. Ukoo wa Bransford

Gorin alipoanza biashara yake mwaka 1838 aliwapata pia vijana wengine wawili, Mat na Nick Bransford. Hakuwanunua: aliwapanga kutoka kwa Thomas Bransford wa Nashville, kwa dola 100 kila mmoja kwa mwaka. Masimulizi ya ukoo yanasema kwamba Mat alikuwa mwana wa bwana huyohuyo. Alioa mtumwa wa mwenye shamba jirani, wakapata watoto wanne, na watatu kati yao waliuzwa. Wageni waliomfuata Mat gizani wakicheka na kuimba hawakuwa na haja ya kulijua jambo hilo, na wengi wao hawakuuliza.

Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, Mat na Nick waliendelea na kazi ileile kama watu wa mshahara. Watoto na wajukuu wakarithi. Elimu ya pango ikawa elimu ya ukoo, ikipitishwa kwa mdomo na kwa mwendo: wapi pa kukanyaga, wapi pa kupaza sauti ili mwangwi uitikie, hadithi ipi inasimuliwa kwenye mwamba upi. Mwaka 1886 reli ndogo ilifikishwa hadi karibu na pango, na idadi ya wageni ikaongezeka. Waongozaji weusi walikuwa sehemu ya sifa ya mahali hapo, na wageni wengine waliwaomba kwa majina.

Hata hivyo, hoteli ya pangoni haikuwalaza wageni weusi. Hapo ndipo mmoja wa wajukuu, Matt Bransford, pamoja na mkewe Zemmie, walipofungua nyumba ya kulaza wageni katika miaka ya 1920, ili watu weusi wa Kentucky na wa majimbo mengine wapate mahali pa kulala na kula wanapokuja kuliona pango. Matt mwenyewe aliwatembeza. Ulikuwa utalii ndani ya utalii: mlango uliofunguliwa na wale waliofungiwa mlango.

6. Vita vya mapango

Mwanzoni mwa karne ya 20 magari yaliifikia Kentucky ya kati, na wakulima wa mashamba yasiyo na rutuba walitambua kwamba shimo lililo nyuma ya zizi laweza kuleta fedha kuliko mahindi na tumbaku. Kila mwenye pango alitafuta wageni, na ushindani huo umebaki katika historia kwa jina la vita vya mapango. Watu waliajiriwa kusimama barabarani, kurukia pembeni mwa magari na kuwaambia wasafiri kwamba Mammoth Cave limefungwa au limejaa maji, ili wawageuzie kwenye pango jingine. Mwaka 1921 George Morrison, baada ya kupima kwa siri, alilipua ardhi nje ya mipaka ya mali ya akina Croghan, akapata mlango wake mwenyewe wa kuingilia pango lilelile.

Vita hivyo vilimwua mtu. Floyd Collins alikuwa mkulima aliyegundua, mwaka 1917, pango zuri chini ya shamba la familia yake, likaitwa Crystal Cave. Ila lilikuwa mwisho wa barabara, na wageni walinaswa na wengine kabla ya kufika. Akaamua kutafuta pango jingine lililo karibu zaidi na barabara kuu. Tarehe 30 Januari 1925, alipokuwa akitambaa katika upenyo mwembamba uitwao Sand Cave, jiwe lilimwangukia mguuni likambana. Mwandishi wa gazeti, William Miller, mtu wa umbo dogo, alishuka mara kadhaa hadi alipokuwa, akamlisha na kuzungumza naye. Habari zake zilienea nchi nzima kwa magazeti na kwa redio. Juu, maelfu ya watu walikusanyika, na wachuuzi wakaja na vyakula. Waokoaji walipomfikia kwa shimo walilochimba kutoka juu, tarehe 16 Februari, alikuwa amekwisha kufa. Miller alipewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1926.

Collins hakuachwa apumzike. Mwaka 1927 mnunuzi wa Crystal Cave aliuweka mwili wake pangoni, katika jeneza lenye kifuniko cha kioo, ili watalii wautazame. Mwaka 1929 wezi waliuiba. Ulipopatikana, mguu mmoja haukuwapo. Alizikwa katika makaburi ya kanisa mwaka 1989 tu. Stephen Bishop aliuzwa pamoja na pango akiwa hai. Floyd Collins, mtu mweupe na huru, aligeuzwa kuwa bidhaa ya pango akiwa maiti. Hali zao hazilingani, lakini soko lililowatumia ni lilelile.

Mahakama nazo ziliulizwa swali la umiliki. L. P. Edwards alikuwa akionyesha Great Onyx Cave, ambalo mlango wake ulikuwa katika ardhi yake. Jirani yake, F. P. Lee, alidai kwamba sehemu ya pango hilo ilipita chini ya shamba lake, ingawa yeye hakuwa na njia yoyote ya kuingilia. Mwaka 1929 mahakama ya rufani ya Kentucky iliruhusu pango lipimwe hata bila ridhaa ya Edwards, kwa kanuni kwamba mwenye ardhi ana haki ya kilicho juu yake na kilicho chini yake. Jaji mmoja, Logan, alipinga. Kwa maoni yake, pango ni la yule mwenye mlango aliyeligundua na kulifanyia kazi, maana bila yeye lisingekuwa na thamani kwa mtu yeyote. Wenzake hawakumfuata, na mwaka 1936 warithi wa Lee walipewa haki ya kupata sehemu ya faida.

Hoja ya jaji Logan yastahili kutazamwa upya. Ikiwa kugundua na kufanya kazi ndiko kunakompa mtu haki, basi hata Edwards hakuwa mfano bora. Karibu miaka 90 kabla yake alikuwapo mtu aliyeweka ngazi juu ya shimo.

7. Serikali inapokuwa mwenye pango

Njia ya kumaliza vita hivyo ilionekana kuwa hifadhi ya serikali. Jimbo la Kentucky lilikuwa limekwisha kuunda tume ya hifadhi mwaka 1924. Pine Mountain ikawa hifadhi ya kwanza ya jimbo, na mwaka 1926 kampuni ya reli ya Louisville and Nashville ilitoa Natural Bridge, daraja la asili la mawe ambalo wageni walikuwa wakipelekwa kulitazama kwa treni. Mapango ya Carter, kaskazini-mashariki mwa jimbo, yalifuata mwaka 1946. Hifadhi hizo zilijengwa kwa kodi ya wote lakini hazikuwapokea wote: mwaka 1951 ilifunguliwa hifadhi ya pekee kwa watu weusi, iliyoitwa Cherokee, kando ya ziwa Kentucky, ikaendelea hadi sheria za ubaguzi zilipoondolewa katika miaka ya 1960.

Kuhusu Mammoth Cave, bunge la Marekani lilipitisha mwaka 1926 sheria ya kulifanya kuwa hifadhi ya taifa, kwa sharti kwamba ardhi itafutwe na jimbo na wahisani. Baadhi ya wakulima waliuza kwa hiari. Wengine waliondolewa kwa amri ya mahakama na kulipwa fidia waliyoiona haba. Mamia ya familia zilihama. Vijana wa kambi za kazi zilizoanzishwa mwaka 1933, wakati wa mdororo wa uchumi, walibomoa nyumba, wakapanda miti na kutengeneza njia za pangoni. Moja ya kambi hizo ilikuwa ya vijana weusi. Yalibaki makanisa matatu na makaburi mengi, ambako wazao wa waliohamishwa hurudi kuyasafisha. Tarehe 1 Julai 1941 hifadhi ya taifa ilisimamishwa rasmi.

Ukoo wa Bransford ulipoteza mara mbili. Ardhi yao ilichukuliwa kama ya majirani wao weupe. Lakini pia kazi yao ilikoma, kwani waongozaji weusi hawakuendelezwa chini ya utawala mpya. Louis Bransford alitembeza wageni mara ya mwisho mwaka 1939. Mlolongo ulioanza mwaka 1838 ukakatika.

Hata hivyo, pango lenyewe liliendelea kufunguka. Tarehe 9 Septemba 1972 wapimaji walioanzia katika mapango ya mlima wa Flint walitokeza, baada ya kutembea majini kifuani, katika Mto wa Mwangwi. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba mapango hayo yote ni pango moja. Mto waliotokea ni uleule aliouvumbua Stephen Bishop. Mwaka 1981 UNESCO ililiandika pango katika orodha ya urithi wa dunia. Na mwaka 2004 Jerry Bransford, mzao wa Mat, aliajiriwa kuwa mwongozaji, miaka 65 baada ya Louis kuondoka. Kwa wageni wake alisimulia habari za mababu zake.

8. Hitimisho

Historia hii haiko mbali na Kongo kama ramani inavyodokeza. Mfalme Albert wa Ubelgiji aliitembelea Marekani mwaka 1919 na kuziona hifadhi zake za taifa. Tarehe 21 Aprili 1925, miezi miwili baada ya Floyd Collins kukutwa amekufa, amri ya mfalme iliianzisha katika Kongo hifadhi iliyopewa jina lake, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika, ambayo leo huitwa Virunga. Wazo lilelile lilifuatwa na tendo lilelile: wakulima na wafugaji waliokuwa ndani ya mipaka mipya walihamishwa.

Tofauti ipo katika kumbukumbu. Habari za waongozaji wa Kentucky zimepatikana kwa sababu majina yao yaliachwa katika hati za mauzo, katika vitabu vya wageni, kwenye dari la pango, na hasa katika vinywa vya wazao wao. Huku, wenyeji waliowaongoza wataalamu wa kigeni kwenye volkeno za Virunga, kwenye mapango ya mlima Hoyo huko Ituri, au kwenye pango la Kiantapo huko Katanga lenye michoro ya kale, mara nyingi hutajwa kwa neno moja tu: "mwenyeji". Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na elimu nayo ni mali. Sehemu kubwa ya elimu hiyo ilisemwa, na ingali ikisemwa, kwa Kiswahili: majina ya njia, amri za safari, hadithi za kila mwamba. Wanafunzi wa idara za Kiswahili wanayo lugha ya kuikusanyia, na wazee wanaoijua wanapungua kila mwaka.

Tofauti kati ya kuandikwa na kuandika inaonekana wazi kwa Stephen Bishop mwenyewe. Ramani aliyoichora kwa mkono wake ilichapwa yu hai, na jina lake lipo juu yake bila kosa. Tarehe ya kifo chake iliandikwa na wengine, nayo imekosewa hadi leo.